Kabla Hujanunua Rangi, Jua Maji Yanapita Wapi

"Fundi, njoo unipigie rangi, ukuta wa chumbani umeharibika." Simu za namna hiyo huanza mwezi wa tano, mvua zinapokaribia kukata huku Mbeya, na jibu langu ni moja: rangi tutaiongelea mwezi wa tisa. Kwanza nionyeshe paa, nionyeshe gata, nionyeshe nyuma ya nyumba pale ambapo watoto hawachezi kwa sababu pana tope. Wapo wanaokasirika. Wanatafuta mtu mwingine, anakuja na brashi yake, anakwangua, anapiga skimu (ule mpako mwembamba wa kulainisha ukuta), anapaka, analipwa. Krismasi haijafika, rangi imeshavimba tena.

Mimi ni mwashi. Nyumbani ni Rungwe, kazi zangu nyingi ziko kwenye barabara ya Uyole hadi Tukuyu, na mara mojamoja naitwa Njombe na Iringa. Nyumba ninazoitiwa karibu zote ni za matofali ya kuchoma. Nyingine zimepigwa lipu ndani na nje, nyingine tofali limeachwa wazi kwa nje kwa ajili ya urembo. Haya ninaandika kwa mwenye nyumba ya aina hiyo anayeona rangi inabanduka, au unga mweupe unachanua ukutani, au nguo za kabatini zinanuka uvundo, na hajui aanzie wapi.

Tofali la kuchoma linakunywa maji, na hilo peke yake si ubaya. Ukuta usio na ugonjwa hunywa kidogo mvua ikinyesha, kisha huyatoa jua likiwaka na upepo ukipita. Shida inaanza pale yanayoingia yanapozidi yanayotoka. Kwa hiyo kila kazi utakayofanya iwe moja kati ya mbili: inapunguza maji yanayoingia, au inayaachia njia ya kutoka. Kazi ambayo haimo katika hizo mbili ni ya kuficha tu, na maji hayafichiki muda mrefu.

Na ujue uko wapi. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mbeya mjini hupata chini ya nusu ya hizo, na Iringa mjini ni pungufu zaidi. Fundi aliyezoea ukavu wa Iringa akija kujenga Katumba ya Rungwe kwa mazoea yaleyale, ukuta utamuumbua msimu wa kwanza. Huku Rungwe mvua nzito inasukumwa na upepo kutoka upande wa Ziwa Nyasa, hivyo ukuta unaotazama kusini ndio unaopigwa. Nikifika kwenye nyumba, kabla hata ya kukaribishwa chai, naangalia ukuta huo.

Usome ukuta kwanza

Chukua penseli. Chora mstari kuzunguka doa la unyevu, andika tarehe pembeni, halafu liache. Rudi kuliangalia baada ya mvua kubwa yenye upepo, na tena baada ya siku kadhaa za jua. Doa linalotanuka saa chache baada ya mvua ni maji yanayopenya moja kwa moja kutoka nje au juu. Doa ambalo halijali mvua wala jua, likabaki vilevile Januari na Agosti, lina uwezekano mkubwa wa kuwa bomba, hasa kama upande wa pili ni bafu au jiko. Hilo unaweza kulithibitisha bila fundi: usiku funga koki zote, soma mita ya maji, asubuhi isome tena kabla mtu hajanawa uso. Ikiwa imesogea, usihangaike na ukuta, hangaika na bomba.

Kimo cha doa nacho kinasema mengi. Unyevu unaopanda kutoka msingini hukaa chini. Ni nadra kupita mita moja, na pale unapokomea huacha mstari wa chumvi uliopindapinda. Doa lililo karibu na dari halijatoka ardhini, hata kama mtu anakuuzia dawa ya msingi. Doa lililo chini ya kona za dirisha linakuambia uangalie kingo na fremu. Vidoadoa vyeusi kwenye pembe za chumba, nyuma ya kabati, nyuma ya kitanda, mara nyingi si mvua kabisa, ni pumzi zenu wenyewe na mvuke wa jikoni. Hivyo nitavirudia.

Kama bado una mashaka kati ya maji ya nje na mvuke wa ndani, kata kipande cha nailoni safi chenye ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa solotepu pande zote nne pasiwe na upenyo, ukiache siku mbili. Matone yakijikusanya upande wa nailoni unaotazama chumbani, ni mvuke wa ndani. Yakijikusanya nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, ukuta wenyewe una maji.

Sasa toka nje. Angalia madoa ya udongo mwekundu chini ya ukuta. Yanakuonyesha wazi maji ya paa yanarukia hadi wapi. Kwenye nyumba isiyo na gata, nimekuta michirizi imefika nusu mita, na ndani ya chumba lipu imeoza kwa kimo hichohicho.

Kuna nyumba ya mwalimu mstaafu pale Katumba ambayo huwa naitaja nikiwafundisha vijana. Ukuta wa sebule ulilowa kuanzia katikati kushuka chini. Mwalimu alikuwa ameshashauriwa abomoe lipu yote ya ndani na kuweka plasta yenye dawa ya kuzuia maji, na mifuko alishanunua. Nikaegemeza ngazi nje. Chini ya linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha, pale zege linapokutana na tofali, kulikuwa na ufa ambao ukucha wa kidole gumba unaingia, umenyooka kutoka pembe ya nyumba hadi juu ya dirisha. Kwa chini huuoni, kivuli cha linta kinauficha. Tukaunganisha mpira wa maji. Mjukuu wake akawa anamwagia, mwalimu akakaa ndani na tochi. Tulianzia chini, dakika kama kumi na tano kila sehemu, ndani kukavu. Tukapanda katikati, kukavu. Tulipofika kwenye ufa haukupita muda, sauti ikatoka ndani: "Fundi, yamekuja! Funga, funga!" Kazi yenyewe ikawa kuchimba ufa ule kwa tindo, kuusafisha na kuujaza vizuri. Mifuko ya dawa aliirudisha dukani.

Zingatia tulianzia chini. Ukianza juu maji yatateremka yalowanishe kila kitu, na hutajua yameingilia wapi.

Tengeneza kuanzia juu

Ukishajua njia, usianze ndani. Paa kwanza, kisha kuta, kisha ardhi, na ndani mwisho kabisa.

Juu ya bati angalia misumari. Ule mpira mdogo wa chini ya kichwa hukauka kwa jua na kupasuka, na msumari mmoja unaovuja juu ya ukuta unatosha kuulowanisha hadi chini. Magata yasafishwe kabla ya Novemba. Wenye miparachichi karibu na nyumba wanajua ninachosema, majani yake yanaziba kila kitu. Fanya hesabu uone: paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 20 tu linateremsha lita 2,000, yaani ndoo kubwa mia moja. Gata likiziba, ndoo hizo zinamwagika sehemu moja, mara nyingi konani, na kona ndiyo inayoanza kunyonya. Bomba la kuteremshia maji liishie kwenye tanki au mtaro. Kuliacha linamwaga pembeni mwa msingi ni sawa na kutokuwa na gata.

Chini sasa. Sakafu ya ndani iwe juu kuliko ardhi ya nje kwa sentimita 15 angalau. Nyumba nyingi zilijengwa hivyo, lakini miaka inapita, mama anapanda maua, kijana anamwaga mchanga uliobaki, mvua inaleta udongo kutoka juu, na ghafla ardhi iko sawa na sakafu au juu yake. Hapo nailoni iliyowekwa juu ya msingi kuzuia maji ya ardhini yasipande haina kazi tena, maji yanairuka. Chepe na toroli vinatosha kulirekebisha, na ni nafuu inayoonekana haraka kuliko nyingine zote ninazozijua. Ukishashusha udongo, mwaga kibaraza cha zege kuzunguka nyumba, upana wa mita moja ukiweza, kiteremke kutoka ukutani kama sentimita 3 hadi 5. Wengi wanakimwaga kibaraza kikiwa bapa, au mbaya zaidi kinarudi nyuma kuelekea ukutani. Weka pimamaji, au mwagia ndoo ya maji uone yanaelekea wapi kabla zege halijakauka.

Waliojenga mlimani, kwa mfano Isyesye, Tukuyu yenyewe na sehemu kubwa ya Njombe, wana tatizo la ziada. Uwanja ulichongwa, nyuma ya nyumba kuna ukuta wa udongo, na maji ya kilima yanatembea chini kwa chini hata mvua ikiwa imekata. Hapo kibaraza hakitoshi. Chimba mtaro kati ya kilima na nyumba, uwe mbali na ukuta kadiri nafasi inavyoruhusu, usizidi kina cha msingi wako. Weka bomba lenye matundu chini, jaza kokoto, funika kwa kitambaa cha kuchuja au viroba kabla ya kurudisha udongo, na bomba lile lipewe mteremko, litokee pembeni mwa nyumba mahali unapopaona. Mtaro usio na pa kutokea ni bwawa.

Jointi na balaa la vanishi

Kwenye ukuta wa tofali wazi, maji yanaingia zaidi kwenye jointi, ile saruji iliyo kati ya tofali na tofali, kuliko kwenye tofali. Pita na msumari ukikwangua taratibu. Jointi inayomwagika unga inatakiwa kutolewa. Tumia tindo nyembamba, ingia ndani sentimita mbili hivi, usiguse kingo za tofali. Piga brashi ngumu vumbi litoke, lowanisha kidogo, halafu jaza.

Mchanganyiko hapa ndipo ninapobishana na mafundi wenzangu. Wengi wanaamini saruji nyingi ndiyo uimara, wanachanganya ndoo moja ya saruji kwa mbili au tatu za mchanga. Kwenye tofali la kuchoma la huku kwetu, ambalo ni laini, jointi ngumu namna hiyo inakuwa ngumu kuliko tofali lenyewe. Ukuta ukitanuka na kusinyaa kwa jua na baridi, kinachopasuka ni tofali. Na maji yaliyoingia hayawezi kutokea kwenye jointi, yanatokea kwenye uso wa tofali, chumvi inakauka ndani yake na kulimenya. Mimi natumia ndoo moja ya saruji, moja ya chokaa ya mfuko, sita za mchanga wa mto uliochekechwa. Tofali likiwa dhaifu zaidi, saruji moja, chokaa mbili, mchanga tisa. Chokaa inaipa jointi ulaini na inaachia mvuke upite. Jaza kwa kubana, tabaka kwa tabaka, malizia kwa kuburuta kipande cha bomba au nondo ili jointi iwe na mbonyeo mdogo. Usiiache imeingia ndani kwa urembo. Tofali la chini linakuwa rafu ya kukalia maji. Kinga kazi yako na jua kali na mvua, iwe na unyevu siku tatu au nne.

Tofali lililokwisha, linalomung'unyika kwa kidole, litoe uweke jingine. Kulipaka saruji usoni hakulirudishii uhai.

Kisha kuna vanishi. Naelewa kwa nini watu wanaipenda, tofali linawaka, nyumba inapigwa picha nzuri. Lakini vanishi inaziba uso wa tofali, wakati maji yataendelea kuingia kupitia nyufa za jointi, juu ya linta na pembeni mwa madirisha. Yakishaingia hayatoki. Baada ya misimu michache utaona vanishi imegeuka weupe wa maziwa, inabanduka kwa magamba, na chini yake uso wa tofali unakuja nao. Kuiondoa ni kazi ya jasho, kwa dawa ya kutolea rangi na brashi, kidogo kidogo. Usikubali grainda, inaondoa ngozi ngumu ya tofali iliyoiva na kuacha nyama laini inayonyonya zaidi. Kama lazima uweke kitu, zipo dawa za silikoni zinazopenya ndani ya tofali na kufukuza maji bila kuziba mvuke, lakini ziwekwe jointi zikiwa zimetengenezwa na ukuta umekauka. Kwenye ukuta wenye ufa hazisaidii kitu.

Madirisha ya aluminiamu

Haya yamenipa kazi nyingi. Watu wanatoa madirisha ya zamani ya mbao, wanaweka ya kuteleza. Fremu mpya ni nyembamba, upenyo unaobaki kati yake na tofali unazibwa kwa silikoni peke yake, na silikoni kwenye tofali lenye vumbi haishiki mwaka. Upenyo ule ujazwe saruji na chokaa kwanza, ikauke, ndipo silikoni ipitishwe juu kama ulinzi wa mwisho.

Halafu tazama reli ya chini. Kwa upande wa nje ina vitundu vidogo vya kutolea maji. Vikizibwa na vumbi, au fundi akiwa amevifunika kwa silikoni kwa kutojua, reli inajaa maji kama sinia na kumwagika ndani, ukuta wa chini unalowa na wewe unalaumu tofali. Kijiti cha mbao na maji kidogo vinamaliza tatizo hilo. Nimewahi kuitwa mbali kwa ajili ya kijiti.

Kingo ya chini ya dirisha iteremke kwenda nje, itokeze mbele ya ukuta sentimita tano hivi, na kwa chini yake iwe na mfereji mdogo unaokata maji yasirudi ukutani. Mfereji huo unachongwa zege likiwa bichi kwa kuweka kamba nene au nondo ndogo kwenye fomu ya kumwagia zege. Mafundi wengi wanauruka kwa sababu mwenye nyumba hauoni.

Msingi usio na nailoni

Kama ukishaondoa udongo, ukaweka gata na kibaraza, chini ya ukuta bado kunalowa mpaka msimu wa kiangazi, inawezekana nyumba haikuwekewa kizuizi juu ya msingi. Nyumba nyingi za zamani ndivyo zilivyo. Njia ya uhakika ni kuingiza kizuizi sasa: unatoa mstari mmoja wa tofali kipande kwa kipande, usizidi mita moja, unaingiza nailoni nzito au karatasi ya lami, unarudisha tofali na kubana juu kwa saruji isiyo na maji mengi. Unaruka mita mbili, unafanya nyingine. Vipande vya katikati unaviacha mpaka vya kwanza vishike. Nailoni zipandane angalau sentimita 15. Ni kazi ya fundi mwenye subira na ukuta usio na nyufa kubwa; mtu akikuambia ataikamilisha nyumba nzima wikiendi moja, mshukuru kwa Kinyakyusa, mwambie ndaga fijo, na umsindikize hadi barabarani.

Ndani mwisho, na bila haraka

Lipu iliyojaa chumvi haiponi, hata chanzo kikiisha. Chumvi inavuta unyevu wa hewani na kutoa doa upya. Bomoa kuanzia chini hadi sentimita 30 juu ya mstari wa mwisho wa doa, kifusi kitoke nje ya nyumba siku hiyohiyo. Unga mweupe uliobaki kwenye tofali uuondoe kwa brashi kavu. Ukiuosha kwa maji unayeyuka na kurudi ndani.

Kisha subiri. Kanuni ya mafundi wa zamani ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene wa ukuta, kwa hiyo ukuta wa sentimita 20 ni kama miezi minane. Upepo wa Agosti wa Iringa unaharakisha, ukungu wa Tukuyu unachelewesha. Najua hakuna anayetaka kukaa na ukuta uchi muda wote huo, ndiyo maana nasema kazi za nje ziishe Mei au Juni ili ukuta upate kiangazi chote. Ukishindwa kusubiri, piga lipu ya chokaa na mchanga yenye saruji kidogo, usipige skimu, usipake rangi ya mafuta wala ya kung'aa. Chokaa au rangi ya maji isiyong'aa inatosha. Ukuta utaendelea kukauka kupitia humo.

Plasta yenye dawa ya kuzuia maji upande wa ndani ni ya mwisho kabisa kwenye orodha yangu. Maji yanayoshindwa kutokea upande wa chumbani yanapanda juu kutafuta pengine, na mwaka unaofuata doa lililokuwa magotini liko kifuani.

Mvuke wa Juni na Julai

Usiku wa Juni na Julai Mbeya joto hushuka chini ya nyuzi 10, na kule Kitulo, Makete, barafu hulala juu ya majani. Ukuta wa nje unapoa. Ndani mnalala watu wanne, madirisha yamefungwa, nguo zilizofuliwa zimetandazwa kwenye viti, maharage yako jikoni tangu saa kumi. Mvuke wote huo unatafuta mahali pa baridi, unatulia kwenye pembe na nyuma ya kabati, fangasi inaota.

Hapa fundi hana kazi kubwa. Fungua matundu ya hewa juu ya madirisha ambayo wengi waliyaziba kwa magazeti kuzuia baridi na mbu. Weka wavu, mbu hawapiti na hewa inapita. Sogeza kabati litoke ukutani upana wa kiganja. Fungua madirisha mchana hata nusu saa, jua likiwa juu. Nguo zikaukie kibarazani. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kupasha joto: licha ya unyevu, moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua watu wamelala. Fangasi yenyewe isugue kwa jiki iliyochanganywa na maji, umevaa glavu, dirisha wazi, na usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo.

Kwa anayejenga sasa

Nunua tofali lililoiva. Kwenye tanuru, yale ya pembeni hayapati moto wa kutosha, iwe limechomwa kwa kuni au kwa pumba za mpunga, na muuzaji anayachanganya na mazuri. Gonga mawili yalie. Yanayotoa mlio mzito usio na mwangwi yaache. Kwa uhakika zaidi peleka tofali kavu kwenye mizani ya dukani, lilowekwe siku nzima, lipimwe tena. Likiwa la kilo 3 na sasa linavuka kilo 3.6, limekunywa zaidi ya asilimia 20, halifai ukuta wa nje wa huku.

Wapo wanaoona picha za nyumba za Marekani na Kanada wakataka ukuta wa bloku wenye tofali la urembo kwa nje. Kule nyumba nyingi za namna hiyo mwili wake ni mbao, tofali ni koti tu. Nyuma ya koti wanaacha nafasi ya hewa ya sentimita 2.5 au zaidi, chini wanaweka karatasi ya kuelekeza maji nje, na kwenye mstari wa chini wa tofali wanaacha matundu. Wanajua maji yatapenya koti, wameyaandalia mlango. Ukitaka kujenga hivyo, jenga vyote: nafasi, karatasi, vyuma vya kushikilia koti, matundu. Saruji isidondoke ikajaza ile nafasi, na baadaye usiyafukie matundu kwa udongo wa bustani. Huku nakuta watu wamebandika vipande vyembamba vya tofali juu ya bloku kwa madonge ya saruji, nyuma kuna mapango, juu hakuna kifuniko. Maji yanaingia juu na kukaa mapangoni msimu mzima. Vipande hivyo vibandikwe vimejaa saruji mgongo wote, na sehemu ya juu ifunikwe.

Na zile nyumba za kontempo zenye paa la kujificha. Dodoma sawa. Tukuyu mimi huwa namwambia mteja wazi kwamba anajenga kuta nne zisizo na mwavuli mahali penye milimita 2,000 za mvua, na kila tone litapita usoni mwa tofali. Misheni ya Moravian ilifika Rungwe mwaka 1891, na waliojenga kwa tofali milima hii tangu zamani walijifunza kutokeza paa mbali na ukuta. Mwambie fundi kenchi zako zitoke nje sentimita 60 angalau. Kwa Rungwe natoa 90, na upande wa ziwani nikipata nafasi naweka kibaraza chenye paa kabisa.